Nilivyoshusha LDL (ile kolestro mbaya) bila kuacha mayai, na wei, unga wa protini, ninayonunua sasa

Napiga chuma gym moja huku Buzuruga na asubuhi nakula mayai mawili, sasa majibu ya damu yalivyorudi na LDL 4.4 nyumbani wote wakayasakama mayai, mama mkubwa akaniambia "mwanangu hicho kiini ndo kinakumaliza". Daktari yeye akauliza kitu kingine kabisa, mnapikia mafuta gani?

Iko hivi, kolestro nyingi ya mwilini ini lenyewe ndo linaitengeneza. Kiini kimoja kina kama miligramu 186, ila kwa watu wengi ukiila kwenye chakula ini linapunguza ya kwake, ndo maana Marekani kwenye mwongozo wao wa lishe wa 2015-2020 wakaondoa ile limiti ya miligramu 300 kwa siku. Kinachopandisha LDL zaidi ni mafuta yanayoganda, yanalipunguzia ini nguvu ya kuitoa kwenye damu. Mawese karibu nusu yake ni aina hiyo, nazi ni zaidi ya asilimia 80, alizeti kama 10 tu. (Mwenye kisukari au kolestro ya kurithi asinifuate kwenye mayai, aongee na daktari wake kwanza.)

Kwahiyo samli kwenye wali ikatoka, mafuta ya ndoo yakatoka, tukahamia alizeti. Nundu ya ng'ombe, mafuta matupu, ndo ilinipa shida, nyama choma bila nundu kwa mtu aliyekulia Usukumani sio kitu kidogo, lakini nikaiacha. Dagaa wa soko la Mwaloni hapa Mwanza tulikuwa tunawakaanga wanaelea kwenye mafuta, siku hizi tunawaunga na nyanya na karanga za kusaga, nachukua waliokaushwa kwenye chanja sio mchangani, na hao wana omega-3, mafuta yanayofaa moyo, nzuri tu. Halafu dengu! Dengu na maharage nyuzinyuzi zake zinaikamata nyongo tumboni inatoka nayo, ini linalazimika kuchukua kolestro kwenye damu litengeneze nyingine.

Wei sasa, hapa ndo watu wanapigwa sana. Ni yale maji yanayobaki maziwa yakishagandishwa kuwa jibini, yanachujwa yanakaushwa. Mimi nageuza kopo nyuma napiga hesabu: gramu 24 za protini kwenye kijiko cha gramu 30 ni asilimia 80, hiyo ni konsentreti (wei iliyochujwa kawaida) nzuri, ukikuta 15 kwenye 40 umenunua sukari na ladha. Aisoleti, iliyochujwa zaidi, inafika 90, mafuta na laktosi (sukari ya maziwa) karibu hamna, kwa hiyo kama maziwa yanakuunguruma tumboni kama mimi chukua hiyo hata kama bei imechangamka. Na soma viambato, kipimo cha kawaida cha maabara kinahesabu naitrojeni sio protini yenyewe, kwahiyo wajanja wanatia glaisini na taurini, asidi amino za bei chee zenye naitrojeni, namba inapanda tu. Ukiziona kwenye unga unaojiita wei tupu uache dukani. Nembo ya Informed Sport, wapimaji wa virutubisho vya wanamichezo, inasaidia, wanapima kila toleo na namba ya kwenye kopo unaihakiki mwenyewe kwenye simu.

Nilivyorudia kipimo LDL ilikuwa 3.6, na mayai yangu mawili nilikuwa nimekula asubuhi ya jana yake kama kawaida. Kopo nalifungua siku natoka gym nakimbilia kazini tu, zile nyingine ni dagaa na dengu, protini ipo ya kutosha na bei yake naimudu.