Soja wa Kongowea na Oringi Iliyokatika

Kongowea, saa mbili asubuhi, mabati bado hayajapata moto. Kwenye safu za mitumba, vichezeo vya watoto havipangwi kama mashati. Belo hukatwa kamba na kumwagwa juu ya turubai, na mwenye kutaka apekue. Mimi hupekua kwa vidole kuliko kwa macho, kwa sababu chini ya vumbi kila kitu kina rangi moja. Vile vidubwasha vya bure vinavyotolewa na chakula cha watoto mikahawani ni vyepesi na ndani ni uwazi; mkono ukivigusa unavijua. Kinachotafutwa ni kitu kidogo chenye uzito wake na viungo vingi kupita kimo chake.

Nilichokipata kilikuwa nusu mbili zilizofungwa pamoja kwa lastiki ya noti: kifua chenye mikono na kichwa upande mmoja, kiuno na miguu upande wa pili.

"Mama, huyu wamuuza vipi?"

"Huyo soja? Kafa kiuno, mwanangu. Nipe mia na hamsini."

"Kafa kiuno wasema mwenyewe, na bado mia na hamsini?"

"Haya, lete mia. Kichwa chageuka hicho, hukioni?"

Kichwa kiligeuka kweli, tena kwa namna iliyonifanya nitoe ile mia bila kubishana zaidi. Kiligeuka kulia na kushoto, kisha kikainama na kutazama juu. Hiyo ni shingo ya gololi, na shingo ya gololi ni kitambulisho cha umri.

Huyu ni G.I. Joe, mwanasesere wa askari, wa kimo kidogo. Kampuni ya Hasbro walimtoa wa kwanza mwaka 1964 nchini Marekani, mkubwa wa karibu sentimita 30, mwenye nguo za kuvua na kuvaa, na wakakataa katakata aitwe mtoto wa bandia, wakihofia wavulana wasimtake. Mwaka 1982 wakamrudisha akiwa amepunguzwa hadi sentimita 9.5 hivi, kimo ambacho kampuni ya Kenner walikuwa wamekizoesha watu tangu 1978 kwa wanasesere wa filamu ya Star Wars. Tofauti ni kwamba wale wa Kenner wengi walikuwa na viungo vitano tu: kichwa, mabega mawili, nyonga mbili. Huyu anakunja kiwiko na goti, na kiuno kinazunguka. Wa 1982 mkono wake unakunjika lakini hauzunguki juu ya kiwiko. Mzunguko huo ulikuja 1983. Shingo ya gololi ikafuata 1985. Kwa hiyo hata maandishi yakiwa yamefutika, viungo vyenyewe vinakupa mwaka wa kuanzia. Uingereza walimuuza kwa jina la Action Force, mwanzoni chini ya kampuni ya Palitoy.

Maandishi yakisomeka, huwa nyuma ya kiuno, madogo, na yanataka mwanga wa pembeni: elekeza tochi ya simu kwa ubavu, si kwa juu. Mwaka ulioandikwa pale ni wa hakimiliki ya umbo. Mwanasesere mwenyewe angeweza kumiminwa miaka kadhaa baadaye kwa kalibu ileile, na watu wengi hudanganyika hapo na kulipa bei ya mkongwe.

Kabla ya kuondoka kwenye turubai nilikagua sehemu nne, na ningemshauri yeyote afanye vivyo hivyo kabla hela haijatoka mfukoni. Vidole gumba kwanza: huvunjika kwa sababu mtoto husukuma mpini wa bunduki kwenye ngumi ya plastiki iliyokakamaa. Kisha kipande cha nyonga, ambacho katikati ya mapaja ni chembamba mno na hupasuka miguu ikipanuliwa kwa nguvu. Kisha viwiko, palipo na pini ya chuma. Ufa mwembamba kama unywele pale hauna dawa ya kudumu. Mwisho, ndoano: chuma chenye umbo la T kinachoshika mapaja yote mawili. Chuma hicho kikipotea, mia yako imekwenda na maji. Huyu alikuwa na vidole vyote viwili, nyonga nzima, viwiko safi, ndoano yenye kutu ya juujuu. Kilichokatika ni oringi tu, yaani ule mpira wa duara unaobana kiuno na kifua.

Nikapanda matatu ya kwenda mjini. Daraja la Nyali hilo, kisha Buxton, kisha msongamano wa Digo Road ambao hauna jipya la kusimuliwa. Nilishuka nikakata kwa miguu kuelekea Mwembe Tayari, kwenye maduka ya vifaa vya bomba.

Hapa pana hesabu ndogo. Oringi ya zamani ikikatika mahali pamoja tu, usiitupe. Inyooshe kando ya rula bila kuivuta, upime urefu. Tuseme ni milimita 40. Gawanya kwa 3.14 upate karibu 12.7; huo ni upana wa duara kutoka katikati ya unene hadi katikati ya unene. Toa unene wa mpira wenyewe, tuseme milimita 2, upate 10.7, nao ndio upana wa tundu la ndani ambao muuzaji atakuuliza. Ila mpira uliovutwa kwa miaka mingi hutanuka, kwa hiyo chukulia jibu hilo kama kikomo cha juu. Ninunuacho mimi ni saizi tatu: ile ya hesabu, na mbili zilizo ndogo kidogo. Bei yake haifiki ya kikombe cha kahawa chungu, na kurudi dukani kutakugharimu zaidi.

Muuzaji alinimwagia kiganjani oringi nyekundu laini. Nilizirudisha. Nzuri kwa birika, lakini nyingi za aina ile zikipata mkwaruzo mdogo huchanika, na ndani ya kifua cha soja pana kingo za plastiki. Nilichukua nyeusi za kawaida.

Karibu na Marikiti nilipata fundi saa mwenye meza yake chini ya ngazi, taa moja, kitambaa cheupe. Nilimwomba kiti na bisibisi. Akaniletea kwanza ile nyembamba ya simu. Skrubu ya soja ipo katikati ya mgongo, kichwa cha nyota, na bisibisi nyembamba huzama katikati bila kugusa kingo. Ukikaza, inakula njia na skrubu inabaki kipara. Ncha lazima ijaze ule msalaba wote. Ya tatu aliyotoa ndiyo iliyojaa.

Kutu ya Mombasa nayo ina desturi yake. Chumvi ya hewani huingia hata kwenye droo iliyofungwa, na skrubu iliyokaa miaka mingi haitaki kulegea. Usianze kwa kuilegeza. Ikaze kidogo sana kwanza, robo ya robo ya mzunguko, utasikia "tik" ya kutu kuachia, kisha ndipo urudi nyuma. Ikigoma, weka tone la mafuta ya cherehani kwa ncha ya kijiti cha meno, kwenye skrubu pekee, usubiri dakika kumi. Mafuta yasimwagike kwenye rangi.

Mgongo ukifunguka, kila kitu huanguka: mikono, kichwa, mabaki ya mpira. Ndiyo maana ya kitambaa cheupe. Mpira mkongwe huwa umegeuka ama mgumu kama ukoko wa wali, ama ute mweusi unaong'ang'ania. Huyu alikuwa na ute. Niliukwangua kwa kijiti cha meno, nikafuta kwa pamba yenye maji ya sabuni. Fundi alinyoosha mkono kuchukua kichupa chake cha kusafishia, nikamzuia: dawa za kuondolea rangi ya kucha na jamii yake huyeyusha plastiki hii mbele ya macho yako. Jiki nayo kaa nayo mbali.

Mpango wa ndani ni mwepesi, na huu ndio ulionirudisha kwenye kukusanya. Wanasesere wengi wa siku hizo wamefungwa kiwandani moja kwa moja. He-Man wa kampuni ya Mattel, wa 1982 vilevile, kifua chake hakina skrubu, ukitaka kumfungua unamvunja kwa utaratibu. Huyu amefanywa afunguke. Oringi inavalishwa kwenye ndoano ya miguu, inapitishwa katika tundu la kiuno, inavutwa juu na kutundikwa kwenye nguzo ya skrubu ndani ya kifua. Mvuto wa mpira huo mmoja ndio unaobana miguu, kiuno na kifua vikae pamoja, na papo hapo unaviacha vizunguke.

Oringi ya kwanza ilikuwa nene. Nusu mbili za kifua zikabaki na mwanya wa ukucha, na hapo ndipo watu huharibu: hukaza skrubu ili mwanya ufe, kifua kikapasuka begani. Kipimo ni tundu la kiuno. Nyuzi mbili za mpira zipite pale bila kusuguana na ukingo. Ya pili ilipita. Nikaweka mikono mahali pake, kichwa shingoni, nikafunika mgongo.

Sasa skrubu. Ukiirudisha kwa kuikaza moja kwa moja, yaweza kujikatia njia mpya ndani ya plastiki, na mara ya tatu au ya nne hakuna plastiki iliyobaki ya kushika. Izungushe kinyume kwanza, polepole, mpaka uhisi imedondoka kidogo. Hapo imeikuta njia yake ya zamani. Ndipo ukaze, na uache pale tu inapoanza kukataa.

Fundi saa aliichukua kazi mkononi, akamshika soja kifuani na kumtikisa. Miguu haikuning'inia. Akamkunja goti moja, akamsimamisha mezani kati ya saa mbili zilizofunguliwa.

"Hii ni kama springi ya saa," akasema. "Ikilegea, yote yalegea. Lakini mwanangu, kwa nini hukuipaka mafuta ya mgando?"

Swali zuri. Mafuta ya mgando huweza kufanya aina fulani za mpira zivimbe na kulegea. Kavu ni bora. Hakutaka malipo ya bisibisi. Alipokea hamsini ya chai baada ya kusukumiwa mara mbili.

Kutoka pale ni tuk-tuk hadi kivukoni. Likoni mwenda kwa miguu hatozwi nauli, na wakati wa kusubiri lango lifunguliwe unatosha kufikiria mahali pa kumweka. Juani, hapana: plastiki nyeupe na ya buluu hafifu hugeuka njano kama jino la mvutaji. Mfuko laini wa plastiki ile inayonuka kama pazia jipya la bafu, hapana pia. Kilainishi kilichomo hutoka kama jasho na kunata mwilini mwa mwanasesere. Mkebe wa biskuti unafaa, ukiwa na karatasi nyeupe chini na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye masanduku ya viatu. Vipakiti vibadilishwe, hasa masika. Na miguu ikae imenyooka: ukimlaza akiwa amekaa, oringi inavutika usiku na mchana na utarudi Mwembe Tayari kabla ya wakati.

Bunduki yake haikuwamo belo, wala mkoba wa mgongoni; tundu la mkoba liko pale juu ya skrubu, tupu. Nikiipata bunduki, ngumi itaingia kwanza kwenye maji ya moto ya kuvumilika kwa kidole, nusu dakika hivi, mpaka gumba lilegee. Feri ilipoachia gati nilimsimamisha juu ya bomba la ukingo, mkono mmoja chini yake kwa tahadhari. Mtetemo wa injini ulimfikia miguuni. Kiuno hakikuyumba mpaka ng'ambo.