Nati sita chini ya Kobe

Leo asubuhi kipande cha boksi nilichokilaza chini ya gari tangu jana jioni nimekikuta kikavu. Nimekigeuza pande zote mbili, nikatoka nacho mlangoni kwenye mwanga. Kikavu! Miezi minne nimekuwa nikiamkia doa la oili sakafuni, mwanzo kama sarafu, mwishowe kama kisahani cha chai.

Kobe ni Volkswagen ya 1968, injini ya cc 1500, niliyoachiwa na marehemu baba. Mzee hakuchoka kutukumbusha kwamba Volkswagen ilishinda mbio za Safari mwaka 1954, na tena 1962, kana kwamba ni Kobe huyu huyu aliyekuwa matopeni. Hana sampu, yaani chombo cha oili, ya kufunguliwa kama bakuli. Tumbo la injini ndilo linaloshika oili, lita mbili na nusu, na chini yake kuna kifuniko cha bati cha mviringo kilichobanwa na nati sita za spana namba kumi. Ndani ya kifuniko kuna chujio la wavu, na gasketi ya karatasi ya kuzuia kuvuja juu yake na nyingine chini yake. Zaidi ya wavu huo, filta ya kubadilisha hakuna, kwa hiyo oili humwagwa kila baada ya kilomita 5,000, na kila ukimwaga unakutana na nati zilezile.

Mimi kila nikiona doa, nakaza. Doa likizidi, nazidi kukaza. Siku moja nati ikaanza kuzunguka tu bila kuuma, laini kama kijiko kwenye uji. Ya pili ikafuata.

Fundi wa baba alikuja Jumamosi, akalala chali, akapapasa. "Mwanangu, ulikuwa unakaza nati au unamkaba mwizi?"

Tumbo lile si chuma, ni aloi ya magnesiamu. Stadi mbili, vijiti vyenye uzi ambavyo nati hukaa juu yake, zilitoka zimeng'ang'aniwa na uzi wa tumbo kama ukoko wa wali. (Sijui nani aliita kile kijiti stadi, ustadi wake siku ile sikuuona.) Akatoboa kwa ncha ya milimita 6.8, akapaka tapu ya milimita 8, kifaa cha kukata uzi, grisi nzito ili vumbi la aloi linase humo, akaisokota nusu mzunguko mbele, robo nyuma, akisikiliza. Kisha akafunga stadi zenye mguu wa milimita 8 na kichwa cha 6, nati za zamani zikaingia bila ugomvi.

Kilichonichoma ni kifuniko. Alikilaza juu ya kioo, kikayumba. Kila tundu lilikuwa limebonyea kwa kukazwa kwangu, na oili ilikuwa inapita katikati ya nati na nati. Alikigonga taratibu mpaka kikatulia. Silikoni niliyonunua hakuigusa: ikibanwa ikaingia ndani, hukatika na kwenda kuziba chujio, na pampu ya oili hunyonya hapohapo. Gasketi mpya, washa sita mpya za shaba, basi. Akakaza kwa nyutoni mita 7, yaani spana fupi na vidole viwili.

Spana yangu ndefu ya namba kumi ameondoka nayo. Kasema nitaipata baada ya kilomita 5,000.