Jiwe nililoomba lisipasuliwe

Jumamosi jioni, Goma

Leo fundi amemaliza ukuta wa parseli yetu. Ameujenga kwa mawe meusi ya lava ileile ya volkano Nyiragongo iliyofunika nyumba ya baba Januari 2002. Miaka mingi nimeyachukia mawe haya. Leo nimeyasogezea dira, sindano ikayumba. Nikaenda jiwe la pili, ikayumba upande mwingine.

Sababu niliijua, lakini kuiona kwa macho kumenigusa. Ndani ya lava mna chembe za magnetiti, madini ya chuma yanayoshika usumaku. Zikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 580 za Selsiasi hazishiki usumaku wa kudumu. Lava ikipoa chini ya hapo, usumaku wake huelekea ilikoelekea sumaku ya dunia wakati huo, na hubaki hivyo. Usiku ule tulipokuwa tunakimbilia Gisenyi, huku nyuma lava ilikuwa inapoa na kuiweka kaskazini ya siku ile.

Na haiweki kaskazini peke yake. Karibu na ikweta usumaku hulala sambamba na ardhi. Kwenye ncha za dunia husimama wima. Ukipima lava nyingi za vipindi mbalimbali (moja haitoshi, maana sumaku ya dunia hutangatanga), mwinamo wake unakuambia zilipoa latitudo gani, yaani umbali gani kutoka ikweta. Lava za Deccan kule India, za miaka milioni 66 hivi iliyopita, zilipoa kusini mwa ikweta. Leo ziko kaskazini yake! Ardhi nzima ya India ilisafiri nazo. Edward Irving, mtafiti wa usumaku wa miamba, na wenzake walipokuwa wakipima miamba hivyo miaka ya 1950, wanajiolojia wengi walikuwa bado wanakataa kwamba mabara hutembea.

Fundi alinisikiliza, nyundo mkononi. "Sasa mimi nimeharibu?"

"Hapana, mzee. Ila haya ya ukutani yameshageuzwa huku na huku."

Ndiyo maana watafiti hutafuta mwamba ambao haujasogea, na kabla ya kung'oa kipande hukichora alama ya mwelekeo wake.

Nyuma ya jiko bado kuna lava iliyolala vilevile ilivyofika. Fundi alitaka kuipasua apate mawe ya ngazi. Nimemwomba aiache, ya ngazi nitanunua.