Sam Walton nae alitolewa kwenye fremu

Kila mtu akianza kumuongelea Sam Walton, yule mzee wa Marekani aliyeanzisha maduka ya Walmart, lazima akuletee habari ya pikapu. Kwamba mwaka 1985 jarida la Forbes wanamtaja tajiri namba moja Marekani na mwenyewe bado anaendesha Ford yake kuukuu, nyuma kapakia mbwa wa kuwindia, kunyoa ananyoa kwa kinyozi wa mtaani kwa dola 5. Haya, vizuri. Mi pia naendesha baiskeli, Tanga nusu ya mji tunaendesha baiskeli, mbona hatujawa mabilionea.

Kilichonifanya nikae nimsome vizuri huyu mzee ni kitu kingine kabisa. Ni mkataba wa fremu.

Ngoja niwape yangu kwanza maana bado inauma. Nilikua na duka Ngamiani, barabara ya ngapi sisemi, nauza nguo za watoto, mashuka, mataulo na vyombo kidogo. Fremu niliichukua haina hata dari, nikapiga rangi, nikatengeneza shelfu, nikavuta umeme wangu, na mwaka wa kwanza kuna siku nafunga na elfu nane mkononi alafu hapo sijala. Miaka minne baadae pakawa panajulikana, mtu anatoka Muheza anaelekezwa nenda kwa yule wa mashuka. Mkataba sasa! Tuliandikiana karatasi moja ya daftari ule mwaka wa mwanzo, baada ya hapo nikawa napeleka kodi ya miezi sita sita kwa kuaminiana tu, mwenye nyumba mzee wa heshima zake, Idd naenda kumpa mkono na sukari kilo mbili. Siku hiyo nimepeleka kodi kama kawaida akaniambia kaa mwanangu, akaagiza na chai, nikajua hapa kuna neno. Kijana wake kamaliza chuo, ajira hakuna, anataka afanye biashara. Biashara gani mzee? Hiyo hiyo ya mashuka.

Nimekaa nyumbani wiki mbili sitaki hata kuonana na mtu, mpwa wangu ndo akanitumia habari za Walton WhatsApp, nadhani alitaka anipe moyo tu hakujua ameniletea nini.

Sikia hii. Mwaka 1945 Walton ametoka jeshini, ana miaka 27, anachukua duka dogo mji unaitwa Newport, jimbo la Arkansas, huko walikua wanalima pamba kama sisi tulivyokua na mkonge. Duka lenyewe la jina la watu, Ben Franklin, wewe unaliendesha wao wanakupa jina na mzigo unanunua kwao. Akatoa dola 25,000, elfu tano zake, elfu ishirini mkopo wa baba mkwe. (Hapa nawaomba wale kaka zetu wa semina wanaopenda kusema jamaa alianza na sifuri wasome tena. Baba mkwe mwenye elfu ishirini za mwaka 1945 sio sifuri. Mi baba mkwe wangu alinipa mbuzi.) Duka lilikua linauza dola 72,000 kwa mwaka, yeye mwaka wa tano akalifikisha 250,000. Kodi alikua anakatwa asilimia 5 ya mauzo, kubwa mno, na kwenye ile furaha ya kupata duka hakuangalia kwamba mkataba hauna sehemu inayompa haki ya kuendelea ukiisha. Ikafika 1950 mwenye nyumba akamwambia siongezi. Kwanini? Anataka duka ampe mwanae.

Nilisoma hapo nikacheka peke yangu usiku mpaka mke wangu akawasha taa.

Tofauti yangu na yake ni kwamba yeye alinunuliwa duka, akatoka na zaidi ya dola 50,000, mi nilitoka na shelfu zangu juu ya mkokoteni. Akahamia Bentonville, kimji cha watu kama 3,000, akaanza upya ana miaka 32. Na safari hii alipotaka kutanua duka kwenye chumba cha jirani kilichokua cha kinyozi, akachukua mkataba wa miaka 99. Tisini na tisa! Aliyeenda kuusukuma ni baba mkwe tena.

Basi mi nilipopata fremu nyingine, sio mbali na soko la Mgandini, nikamtafuta mwanasheria nikamlipa laki moja na nusu, roho inauma, akaniandikia miaka mitatu na haki ya kuongeza mitatu mingine, notisi miezi sita, na nilichojenga nikitolewa nifidiwe. Mwenye fremu akasoma kurasa nne, akavua miwani, akasema mgosi, huu mkataba wa fremu au wa bandari? Lakini alisaini, na mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri.

Kingine nilichoiba kwa Walton ni hesabu ya chupi za kina mama, samahanini wakwe zangu mnaosoma. Ben Franklin walikua wanamuuzia dazani dola 2.50, yeye anauza tatu kwa dola moja. Akapata dalali wa New York anaempa dazani kwa dola 2, yeye badala ya kubaki na bei ile ile ale faida, akauza nne kwa dola moja. Piga hesabu hapo, mwanzo dazani inamuachia dola moja na nusu, sasa inamuachia dola moja tu, lakini zikawa zinaondoka kama karanga. Nikajaribu kwenye taulo na nguo za ndani za watoto, nikaenda Kariakoo mwenyewe nikaruka watu wawili wa kati, nikashusha bei, kweli vikatembea. Nikapata kichwa, nikafanya vilevile kwenye vikombe vya chai. Vikombe vimekaa mpaka leo! Mtu mwenye vikombe sita hanunui vya saba eti kwa sababu umeshusha mia tatu. Nguo ya mtoto inachakaa, mtoto anakua, anarudi. Kikombe mpaka kivunjike. Hilo sijaliona kwa Walton, nimelilipia mwenyewe.

Na kuna hii ya mashine ya askirimu. Kule Newport alikopa benki dola 1,800 akanunua mashine ya askirimu akaiweka nje barazani pamoja na ya bisi, watu wanakuja kwa askirimu wanaingia dukani. Nikasema hii ndo yenyewe, nikamkaribisha mzee mmoja wa kahawa na kashata aweke jiko lake pale nje bure kabisa. Jamani. Wakajaa wanaume kuanzia alasiri mpaka isha, bao, Coastal Union, siasa, hakuna hata mmoja aliyewahi kununua shuka, alafu wamama wakawa wanaona aibu kupita katikati yao. Nikamuomba radhi mzee akahamia ng'ambo ya barabara, pale nikamuweka dada wa mihogo ya kukaanga na chachandu. Wanafunzi wanakuja na mama zao, mama anasubiri mhogo macho yako kwenye magauni. Yaani sio uweke chochote nje, angalia kinamuita nani.

Walton alirudi Newport mwaka 1969 na Walmart yake, na haikupita muda mrefu lile duka la zamani alilonyang'anywa likafungwa. Mi siombei mtu mabaya wallahi, ila mwezi uliopita simu imeita, namba naijua. Yule mzee wangu wa Ngamiani. Salamu ndefu, watoto hawajambo, mvua huko vipi kama vile niko Lushoto. Kijana kaacha mashuka, sasa hivi anatengeneza simu kwa rafiki yake Chumbageni, fremu iko wazi, na wateja kila siku wananiulizia, rudi mwanangu pale ni kwako.

Nikamwambia mzee nimefurahi sana, nitafungua tawi, niletee tu mkataba wa miaka mitano tusaini.

Kimya kidogo. Alafu akasema, "Mkataba wa nini tena mwanangu, si tunajuana?"