Maswali ya vitu vinavyorushwa: nilivyoyaweza nikiwa saidia fundi Uyole

Nikiwa kidato cha tano, mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati), hakuna mada iliyonitesa kama mwendo wa vitu vinavyorushwa. Fomula zote nilikuwa nazo kichwani. Ya kimo cha juu kabisa, ya umbali, ya muda wa kukaa hewani; hata ungeniamsha usiku ningekutajia. Lakini swali likipindishwa kidogo tu, kitu kikarushwa kutoka ghorofani badala ya chini, sikuwa na pa kuanzia.

Moja nalikumbuka hadi leo. Jiwe linarushwa kutoka juu ya jengo la meta 15, kwa kasi ya meta 20 kwa sekunde, likielekea juu kwa pembe ya nyuzi 30. Linaanguka umbali gani kutoka kwenye jengo? Nilipiga hesabu nikaangukia kipeuo cha pili cha namba hasi. Nikaamini swali limekosewa kuchapwa, nikaliruka.

Likizo ya Juni nilikwenda kwa mjomba Uyole, Mbeya, akanitafutia kibarua cha saidia fundi. Juni Mbeya ni baridi kwelikweli. Asubuhi tofali la kuchoma unalishika kama barafu. Kazi yangu ilikuwa kumrushia fundi matofali, yeye akiwa juu ya jukwaa la mirunda. Siku ya kwanza nilirusha kwa nguvu zote, mengine yakampita, mengine yakamgonga viganja. Akaniambia, "Dogo, usinipige nalo. Lirushe lifike hapa limechoka, mimi nilichukue tu."

Siku ya tatu hivi nikapata kipimo. Tofali linapanda, linapungua mwendo, na likifika mbele ya mikono yake halipandi tena wala halijaanza kushuka. Ila bado linamsogelea taratibu. Hapo ndipo nilipoona nisichokiona ubaoni: tofali moja lina safari mbili kwa wakati mmoja. Ya wima inaliwa na mvutano wa dunia, kila sekunde inapungua meta 9.8 kwa sekunde. Ya mlalo haiguswi. (Hewa inazuia kidogo, lakini kwa tofali zito na safari fupi vile haifai kuhesabiwa.) Mwanasayansi Galileo alizitenganisha safari hizo mbili katika kitabu alichokitoa mwaka 1638, na darasani tulifundishwa hivyohivyo. Mimi nilikuwa nimeshika maneno tu.

Jioni nikakaa na daftari. Mikono ya fundi ilikuwa kama meta 2.5 juu ya yangu na meta 1.5 mbele. Ili tofali liishie kupanda hapohapo, kasi yake ya wima mwanzoni ni kipeuo cha pili cha 2 × 9.8 × 2.5, yaani cha 49: meta 7 kwa sekunde. Muda ni 7 ÷ 9.8, kama sekunde 0.71. Katika muda huohuo lazima lisogee meta 1.5, kwa hiyo kasi ya mlalo ni 2.1. Linapomfikia fundi limebaki na hiyo 2.1 peke yake. Huko ndiko kuchoka alikokusema.

Nikalirudia swali la jengo. Nilipiga mstari katikati ya ukurasa: kushoto mlalo, kulia wima, na kinachoruhusiwa kuvuka mstari ni muda tu. Kisha nikachora mshale wa kwenda juu, nikaandika chanya. Basi ardhi iko −15, na mvutano, kwa kutumia 10 badala ya 9.8 ili hesabu iwe nyepesi, ni −10. Kosa langu lilikuwa hapo: mwanzo niliandika 15 chanya, nikalitaka jiwe lifike meta 15 juu ya jengo, wakati kwa kasi ya wima ya 10 (20 × sin 30°) lina uwezo wa kupanda meta 5 tu. Ile namba hasi ilikuwa inanikatalia kwa haki kabisa. Safari hii niliandika −15 = 10t − 5t², nikapata t = 3 au −1. Nikachukua 3, nikazidisha na kasi ya mlalo ya 17.3 (20 × cos 30°). Meta 52.

Siku hizi binti wa mjomba akiniletea maswali haya, sifungui daftari kwanza. Namrushia parachichi, akishalidaka namuuliza lilipokuwa juu kabisa lilikuwa na kasi gani. Mara ya kwanza alijibu, "Sifuri, kaka." Nikamuuliza, "Sasa lilikufikiaje?" Akanyamaza kidogo, akanirudishia parachichi. "Rusha tena."