Mahame kwanza, nyumba baadaye

Mbukwenyi, nawasalimu Kigogo. Wengi wetu tunaorudi Dodoma baada ya miaka ya Dar, Arusha au ng'ambo tunafika na ramani ya nyumba tayari: vyumba vitatu, tangi la maji, geti, na maua ya kununua mbele ya baraza. Habari za ukoo tunaziachia siku ya msiba, mzee mmoja asimame ataje majina, vijana warekodi kwa simu, basi. Anayetaka kitu cha kudumu aanze upande mwingine. Aende mahameni, palipokuwa na makazi ya zamani yaliyoachwa, aulize habari za mimea, kisha apande. Majina atayapata humo humo, pamoja na yale ambayo msibani hayatajwi.

Panga kurudi kati ya Julai na Oktoba. Uwele na mtama vimeshavunwa, wazee wana nafasi, nyasi zimelala na mibuyu imepukutika, kwa hiyo mabaki ya makazi yanaonekana kutoka mbali. Ukija Januari utamkuta kila mtu kwenye palizi na utajibiwa kwa mkato, na ni haki yao. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka mzuri. Anayepoteza wiki mbili za kupanda hana msimu wa pili wa kujitetea.

Kwa nini mahame? Kabla ya 1971 familia nyingi za Ugogo ziliishi kwa kutawanyika, kila kaya na tembe lake lenye paa bapa la udongo na zizi lake. Operesheni Dodoma ya mwaka huo iliwahamishia watu vijijini. Kwa hiyo pale wanapokaa shangazi na baba wadogo leo huenda si pale alipokaa babu. Pake yeye panaweza kuwa kilomita chache tu kutoka hapo, katikati ya shamba la mtu au porini.

Tembe likiachwa, mchwa hula nguzo, paa huanguka, kuta huyeyuka kwa mvua. Kinachobaki ni tuta la chini la udongo lenye umbo la pembe nne, pengine na jiwe la kusagia lililochimbika katikati, na vigae vya vyungu. Palipokuwa na zizi udongo ni mweusi zaidi ya ule unaopazunguka, na mvua za kwanza zikinyesha mchicha pori huota hapo kwa fujo. Tazama pia minyaa: ikiwa imejipanga mstari, ulikuwa ua wa mtu, maana minyaa haijipangi yenyewe. Mbuyu wenye matundu ya vigingi vya kupandia ulikuwa na wavunaji wa kila mwaka. Usikimbilie kuupa umri, kwani shina la mbuyu hunenepa na kusinyaa kulingana na maji lililohifadhi, na unene wake ni shahidi mbaya. Pima mzingo kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, andika, acha hapo. Jiwe la kusagia lipige picha na ulirudishe lilipokuwa. Likishawekwa kwenye baraza lako jipya halionyeshi tena jiko lilikuwa upande gani.

Kabla ya yote hayo, ona mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, na uende na mwenye shamba mwenyewe. Mgeni mwenye viatu safi anayepima ardhi kwa futi kamba huonekana amekuja kudai, hasa pembezoni mwa jiji ambako mahame mengi yameshakuwa viwanja. Sema mapema na kwa sauti kwamba hudai ardhi. Kama kuna makaburi, muulize mzee anayefuatana nawe yapo upande gani, ndani ya zizi au nje ya ua, na kama kuna la kutanguliza kabla ya kusogea. Ukipewa ruhusa, simama palipokuwa na lango, subiri dakika mbili au tatu mpaka simu ionyeshe usahihi wa chini ya mita 5, ndipo uandike nambari za mahali (GPS). Andika na jina la kilima, korongo au mbuga iliyo karibu, kwa kuwa mjukuu wako anaweza kukosa simu ya kusoma nambari hizo, lakini korongo litakuwepo.

Sasa maswali. Ukimwambia bibi "nitajie babu zetu", atakutajia upande wa kuumeni kama alivyofundishwa: watatu, wanne, kimya. Muulize badala yake: "Bibi, mbegu hii ya njugu mawe ulipewa na nani?" Mbegu za mboga na za mikunde nyingi ziko mikononi mwa wanawake, na mwanamke akiolewa huenda nazo. Atakujibu kwamba alipewa na mama yake mkubwa, aliyeolewa kijiji fulani, aliyekuwa binti wa fulani. Tayari una majina matatu ya upande wa kukeni, na upande huo ndio unaopotea kwanza kwenye simulizi za ukoo. Peleka sukari, majani ya chai, chumvi na kanga. Daftari litoke siku ya pili.

Miaka utaipata kwa matukio. Sotoka iliyomaliza ng'ombe ni miaka ya 1890. Reli ilifika Dodoma 1910. Njaa ya Mtunya, iliyotokana na ukame na majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na wapagazi, iliua watu wengi kati ya 1917 na 1920. Mradi wa karanga Kongwa ni 1947 hadi 1951. Kisha Uhuru 1961, Operesheni 1971, uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma 1973. "Alikuwa ananyonya wakati wa Mtunya" maana yake alizaliwa kati ya 1915 na 1920. "Alichunga mbuzi reli ilipofika" ni mtoto wa miaka 6 hadi 12, yaani wa 1898 hadi 1904. Andika mwanya mzima, usichague mwaka mmoja eti kwa sababu karatasi ina kisanduku kimoja.

Makosa yanayojirudia ni mawili. La kwanza ni babu kuwa si babu: kaka wa babu naye ni babu, na mtoto wa baba mkubwa ni ndugu yako, hakuna binamu hapo. Uliza kila mara: "Babu wa tumbo gani?" La pili ni jina kurudi. Mjukuu akipewa jina la babu, watu wawili huyeyuka wakawa mmoja. Ukiona kati ya baba na mwana kuna zaidi ya miaka 50, huenda umeruka mtu. Tena usishangae nyayo zikikupeleka Uhehe au Unyamwezi. Koo nyingi za Wagogo zenyewe husema zilitoka nje ya Ugogo.

Makaratasi yanasaidia kidogo kuliko watu wanavyotumaini. Daftari la ubatizo la parokia, kwa Waanglikana au Wakatoliki, ndilo bora: lina jina la ubatizo, la nyumbani, wazazi na kijiji. Tafuta kwa tahajia zote, kwa sababu karani mmoja aliandika Chi- na mwingine Ki-, na L ikawa R. Nyaraka za Taifa zina majalada ya Wajerumani na Waingereza, ila raia wa kawaida huonekana humo akiwa na kesi au cheo.

Turudi shambani, ndiko penye kazi.

Kama mwembe wa bibi bado umesimama, usipande kokwa yake ukadhani umeurithi. Mche wa kokwa unaweza kutoa embe tofauti kabisa. Bebesha, yaani unganisha kikonyo, ncha ya tawi la mti wake, juu ya mche mwingine. Wakati wa maembe, Novemba hadi Januari, chukua kokwa za maembe ya kienyeji yenye mti mgumu, pasua ganda la nje, panda punje kwenye viriba vikubwa ndani ya siku chache, kwani ikikauka hufa. Agosti au Septemba miche itakuwa na unene wa penseli. Kwenye mti wa bibi chagua ncha za matawi zilizokomaa, unene huo huo, zenye jicho lililovimba lakini halijafumuka. Siku 7 hadi 10 kabla ya kukata, ondoa majani ukiacha vijiti vyake. Kata kikonyo cha sentimita 10 hadi 15 alfajiri, kifunge kwa kitambaa kibichi ndani ya mfuko wa plastiki, kikae kivulini, kitumike siku hiyo hiyo au kesho yake.

Kata mche juu kwa usawa, upasue katikati kina cha sentimita 3 hadi 4, chonga kikonyo kama kabari, ukiingize. Kama unene haulingani, ganda likutane na ganda upande mmoja angalau. Funga kwa utepe wa plastiki kwa kukaza, funika kwa kifuko chembamba, weka kivulini. Baada ya wiki mbili hadi tatu kikonyo hai huchipua. Kikiwa cheusi kimekufa, na sababu huwa kisu butu, maji kuingia kwenye jeraha, au kikonyo kilichozunguka mjini kwenye buti la gari. Kosa la polepole zaidi ni kuacha machipukizi ya chini ya kiungo: hukua, huzidi nguvu, na baada ya miaka michache ukoo unakula embe la mti usiojulikana huku ukimsifu bibi. Yang'oe kila uyaonapo. Bebesha miche mitatu kwa kila nyumba ya watoto wa bibi, maana mmoja utakufa na mwingine utaliwa na mbuzi.

Mbuyu unataka mbegu na subira. Osha unga, mwagia mbegu maji yaliyochemka, ziache humo saa 24. Panda kina cha sentimita 2 hadi 3 kwenye kiriba kirefu, kwa kuwa mzizi mkuu hushuka haraka. Majani ya mbuyu mchanga ni jani moja moja, hayana vidole kama ya mti mkubwa, na hapo ndipo vijana wa palizi huung'oa wakidhani ni gugu. Waonyeshe kwanza. Hamishia kwenye shimo la sentimita 60 kila upande, mita 15 au zaidi kutoka kwenye nyumba, zungushia miiba imara, na usiumwagie maji kila siku, utaoza. Matunda utasubiri zaidi ya miaka 10.

Kwa mazao ya msimu, jua nani huchanganyika. Njugu mawe na kunde hujichavusha zenyewe, kwa hiyo mbegu ya bibi inaweza kubaki ya bibi vizazi na vizazi. Mtama huchanganyika kidogo. Uwele hupokea chavua ya jirani bila aibu, na ukiweka mbegu kutoka mashuke matano uliyookota ghalani umeshaupoteza. Chagua mashuke shambani kabla ya kuvuna, katikati ya shamba, kutoka mimea 50 hadi 100 inayofanana, na uiache ya pembeni iliwe.

Njugu mawe zitake udongo mwepesi: mistari ya sentimita 45, mbegu kila sentimita 15, kina cha 3 hadi 5. Zikitoa maua, zipalilie kwa kuzipandishia udongo, kwa kuwa maganda hutungwa ardhini. Mtama na uwele panda kwenye mashimo ya Chololo, yaliyobuniwa hapa hapa Dodoma: kipenyo cha karibu sentimita 22, kina 30, shimo hadi shimo 60, mstari hadi mstari 90, mche mmoja au miwili kwa shimo. Tia samadi iliyooza ndani. Mchwa hufungua njia za maji, na ukame wa Februari unapokuja kuna unyevu chini. Samadi mbichi huunguza, usiitumie. Mlenda usiupande, acha tu ukanda mmoja bila palizi, kisha mwite bibi akutajie upi ni upi, maana iko aina kadhaa.

Mbegu ikauke mpaka ukiiuma ivunjike, isibonyee. Kunde hubunguliwa upesi: changanya na majivu yaliyochekechwa na kupoa, karibu kiasi sawa na mbegu, jaza chupa hadi mdomoni, kaza kizibo. Gawa chupa kwa nyumba mbili tofauti. Nyumba moja ikila mbegu mwaka wa njaa, ya pili inayo.

Kila mmea uwe na mstari wake daftarini: jina lake, aliyekupa, yeye alipewa na nani, kijiji, tukio au mwaka. Shambani, rangi ya kibao hufifia kwa jua letu. Kata kipande cha bati laini, andika kwa kukwaruza msumari, kitundike kwenye kigingi. Waya ukifungwa kwenye shina utalikaba linapokua. Sauti za wazee zirekodi kwa ruhusa, zihifadhi mahali pawili.

Yapo ya kutorusha kwenye kundi la familia. Njaa kubwa ziliwafanya watu waweke watoto kwa wenye chakula, na baadhi hawakurudi. Wajukuu wao leo wana jina la ukoo mwingine na huenda hawajui. Mwiko wa ukoo, makaburi na nani alizaliwa nje viingie kwenye daftari la pili, lisilopigwa picha. Mpe dada mkubwa alitunze, awaulize wazee wenzake kabla ya kulifungua kwa mtu yeyote.