Pac-Man kwenye skrini ya akedi, kwa kompyuta ya nyumbani

Aisee rangi za kioo cha zamani acha tu, ile njano inawaka hadi raha. Ishu ni masafa, yaani kasi ya kuchora mistari ya picha, skrini nyingi za akedi (zile mashine za gemu za sarafu) zinataka kama kilohezi 15 hivi na VGA ya kawaida, ile tundu ya picha ya kompyuta, inatoa 31, so ukichomeka tu picha inakatika vipande vipande na kuna kamlio kembamba kanakera balaa, zima fasta. Mi natumia kadi ya picha ya zamani ya Radeon na draiva ya CRT Emudriver kushusha masafa, GroovyMAME, programu ya kuchezea gemu za akedi kwa kompyuta, ndo inapanga rizolusheni ya kila gemu. Alafu jamani, chasi nyingi (bodi za umeme za hizo skrini) hazijatengwa na umeme wa ukutani, weka transfoma ya kutenga kwanza, hapo sitanii.